Cherehani Haipandi Mashua

Rumonge, mwezi wa sita, 1972

Zuwena, binti yangu,

Umelala umenuna. Najua, kwa sababu umegeukia ukuta tangu magharibi, na mama yako alikuwa akinuna hivyohivyo, kwa mgongo. Nimeishi na mgongo huo miaka mingi nikiuomba radhi, nao haukuwahi kunijibu kabla ya chai ya asubuhi. Sasa kesho hakuna chai. Issa anaondoa mashua kabla ya alfajiri, na mimi sina tena nguvu za kubishana na mgongo mwingine. Kwa hiyo naandika. Taa nimeifunika kwa kopo la maziwa ili mwanga usitoke dirishani. Naona karatasi na vidole vyangu tu. Barua nitaiweka juu ya viatu vyako. Isome kabla hujavivaa.

Mambo ya safari sikuandikii. Chumvi, kanga, nani umsalimie kwanza ukifika Ujiji, yote bibi yako ameshakujaza kichwani, tena amerudia kwa sauti kwa sababu anadhani sote tumeziba masikio, kumbe aliyeziba ni yeye. Mimi nataka tuzungumze juu ya cherehani.

Leo alasiri Issa alikuja kukagua mizigo. Unamjua Issa, mashua ile kwake ni mke mkubwa. Akatazama kifurushi chako, sawa. Akatazama sanduku letu la taa na vioo vyake, akasema sawa, utalipakata. Kisha akaiona cherehani ya mama yako, meza ya chuma na kanyagio lake na yote, umeifunga gunia na kuisimamisha mlangoni kama bibi harusi anayengoja kuchukuliwa.

"Baba Zuwena, hii haipandi."

"Ni cherehani tu, Issa."

"Iko na uzito wa watu wawili. Kesho mashua yangu iko ya watu. Nimwambie nani ashuke? Nimwambie, samahani, nimepakia chuma?"

Ndipo wewe ukasema maneno yaliyonikalisha chini. "Kama haipandi, na mimi sipandi."

Issa alinitazama, akatazama cherehani, akakutazama wewe. "Huyu mutoto iko wako kabisa," akaniambia, akaenda zake bila hata kusema murakoze kwa maji aliyokunywa.

Usipopanda kesho, sijui mashua nyingine itapatikana lini, au kama itapatikana. Hili sikuelezi kana kwamba wewe ni mgeni. Tangu mwezi wa nne nyumba za mtaa huu zinafungwa moja moja. Wako waliouawa, wako waliopakiwa kwenye malori ya jeshi na hawakurudi, wako waliokimbia bila kuaga hata kuku wao. Shuleni kwenu walimu waliobaki wanaweza kukaa kwenye mkeka mmoja. Na juzi, ulipokuwa kisimani, alikuja mtu nisiyemjua akauliza kama hapa ndipo anapokaa mwalimu Zuwena. Sikukuambia. Aliuliza kwa upole sana, na akanishukuru. Upole wake ndio ulionifanya nimkimbilie Issa jioni ileile.

Kwa hiyo unaona, ninachoomba ni kidogo. Panda mashua bila cherehani. Lakini nakujua, hukubali neno "acha" bila sababu iliyonyooka, na sababu zangu zimejikunja. Itabidi nianze mbali.

Wewe ulilikuta sanduku likifanya kazi, ukadhani lilizaliwa hivyo. Mimi nililiona kwa mara ya kwanza nikiwa nanyolewa. Nje ya kinyozi palikuwa na lori limesimama, injini inanguruma, na kioo cha kinyozi kikatetemeka kwenye msumari wake. Jua lilikuwa limekipiga kile kioo, na ule mwanga uliotupwa ukutani haukuwa doa tena. Ulikuwa pete. Pete ya nuru, inacheza. Niligeuka kuitazama, wembe ukala sikio. Ndiyo kovu hili ambalo nimekuwa nikikuambia nilipigana na mamba.

Nikarudi nyumbani na pamba sikioni na wazimu kichwani. Nikachukua taa ya lori bovu, nikaifungia ndani ya bati, nikatoboa tundu, nikaweka lenzi, ukatoka mwali mmoja mwembamba. Ukipiga kioo kidogo, kioo kinautupa ukutani, unapata doa. Kioo cha kwanza kinalipeleka doa juu na chini, cha pili kushoto na kulia. Kila kioo kinasukumwa na kijiti, na kijiti kinaegemea ukingo wa kisahani cha mbao chenye vilima na mabonde niliyoyachonga kwa kisu. Kisahani kikizunguka, kijiti kinapanda na kushuka, kioo kinafuata, doa linachora. Umbo lote, samaki au nyota, limelala ukingoni mwa visahani viwili. Vikizunguka haraka vya kutosha, jicho linashindwa kulifuata doa, linaona mchoro mzima. Haya unayajua. Ninayaandika kwa sababu nikiyaandika naacha kusikiliza malori nje.

Swali lililonitesa lilikuwa moja tu: nini kivizungushe visahani? Watu wa mtaa walikuwa wakiniuliza, "Ubongo wa sanduku lako uko wapi?" Na mimi nilikuwa bado nautafuta, wa sanduku na wa kichwa.

Ubongo wa kwanza ulikuwa gramafoni ya marehemu babu yako. Nilipachika visahani mahali pa sahani ya santuri, nikapiga hendeli, nikawaita majirani. Gramafoni inazunguka kwa adabu, kama mzee anayetoka msikitini. Doa likatembea ukutani polepole, likapanda, likashuka, likakata kona. Hakuna aliyeona nyota. Mama Hadija, jirani yetu huyuhuyu wa nyuma ya ua, wakati huo bado msichana mwenye ulimi kama pilipili, akasema, "Jamani, ni kimulimuli kimelewa." Watu walicheka mpaka wakaniachia chai yote.

Nikasema, basi, tatizo ni mwendo. Nikaanza kutafuta mwendo kama mwendawazimu. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na feni ya umeme na moteri ya kuiendesha. Nikampa baiskeli yangu, akanipa feni. Mama yako aliponiona nikiingia kwa miguu na feni kichwani, aliinuka. Alichukua mtungi akaniwekea mbele. Baiskeli ndiyo iliyokuwa ikibeba maji.

Feni hii, binti yangu, ilikuwa na mwendo! Niliiwasha nikiwa na hakika kwamba nyota itawaka ukutani kama ile ya mbinguni. Kilichotokea ni yai. Yai dogo linalotetemeka. Vioo vyangu vilikuwa vizito. Kijiti kinasukuma, kioo kabla hakijafika kwenye pembe ya nyota kinaitwa kurudi, hakipati nafasi. Nilichonga pembe kali zaidi. Yai likabaki yai. Nikaongeza springi, kioo kimoja kikachomoka kikanipasua paji la uso. Hilo nalo nilikuambia ni mamba.

Nimelifikiria yai lile miaka mingi kuliko mambo mengi ya maana. Nilikuwa nimenunua mwendo bila kuuliza nani ataubeba. Ukifika Ujiji na ukataka kulisimamisha tena sanduku, watakuja vijana na moteri zao, kila mmoja akisema yangu inakwenda mbio kuliko ya huyu. Wewe wape kioo wakishike kwanza. Kipime kwa kidole, uone kinarudi upesi kiasi gani kikisukumwa. Hapo utajua unahitaji mbio ngapi, na zilizozidi hapo ni za kumfurahisha mwenye moteri.

Kosa jingine lilikuwa ndani ya kosa lile. Tundu la kati la visahani nililitoboa la pembe nne ili likae kwenye mhimili wa feni ile na si kitu kingine. Nilijiona nina akili sana. Feni ilipokufa, nikawa na visahani kumi na viwili, kazi ya masika nzima, na hakuna mashine yoyote kati ya hapa na Bujumbura inayovikubali. Bibi yako alivitumia kufunikia vyungu. Mpaka leo nikila maharage ya vyungu vile najua nakula chini ya nyota.

Halafu kuna lile la mbalamwezi. Hili sijawahi kukuambia kwa sababu ni aibu ya mtu wa pwani hii hasa. Onyesho la kwanza la kulipiwa nililitangaza kwa usiku wa giza totoro, maana mwanga unahitaji giza, au siyo? Nilipiga baragumu mtaa mzima. Usiku ukafika, giza zuri kama masizi, nikawasha, nikangoja. Hakuja mtu. Mimi, mtoto wa mvuvi wa ndagala, nilisahau kwamba usiku wa giza wanaume wote wako ziwani na karabai zao wanawavuta ndagala, na wanawake wako ufukweni wanatengeneza mahali pa kuanika. Nilipanda kilimani nikawaona: taa mamia, mstari mrefu kutoka huku mpaka kule Gitaza, zinapanda na kushuka na mawimbi. Walikuwa na onyesho kubwa kuliko langu na hawakuwa wamenialika.

Basi nikajifunza kwamba hapa watu wako nyumbani kwenye mbalamwezi. Ndipo wanapooa, ndipo wanapocheza. Na mbalamwezi inaosha ukuta, mwali wangu hauonekani hata ukiupigia magoti. Miaka miwili nilihangaika na sanduku ambalo lilitaka giza, mbele ya watu waliopatikana kwenye mwanga. Mwishowe ndipo nikaingia ndani ya maghala. Kabla hujauliza ni chombo gani kizuri, uliza watu wako nyumbani lini. Huko Ujiji nao ni wavuvi.

Sasa nakuja kwenye Uhuru, na usinune, huku ndiko cherehani iliko.

Mwaka ule wa Uhuru, bwana aliyesimamia sherehe hapa alinijia mwenyewe. Alitaka ngoma. Bendera mpya ilikuwa na ngoma katikati, naye alitaka watu waione ngoma ya nuru ukutani, kwenye ghala la mawese lililopakwa chokaa upya. Usiku wenyewe haukuwa na mwezi, na kwa mara moja katika maisha yangu wavuvi waliamua kubaki nchi kavu. Kila kitu kilikuwa kimenyooka isipokuwa feni, ambayo iliungua wiki ileile na kutoa harufu ya nywele.

Nilikaa uani nimeshika kichwa. Mama yako alikuwa kwenye cherehani, anashona bendera. Mtaa mzima wenye cherehani walipewa vitambaa, nyekundu na nyeupe na kijani, nyuzi zilikuwa zimemganda mpaka kwenye nyusi. Mguu unapiga kanyagio, gurudumu la mkono linazunguka, linapungua kwenye kona, linashika tena mbio. Nikalitazama. Nikalitazama tena.

"Unatazama nini?" akaniuliza.

"Gurudumu."

"Mume wangu hajanitazama hivi tangu harusi," akasema, "kumbe anatazama gurudumu."

Nikamweleza. Nikapiga magoti kwenye mchanga nikachora visahani kwa kidole. Alinisikiliza bila kusimamisha mguu. Kisha akasema, "Bendera kwanza." Na bendera zikawa kwanza. Nilipata cherehani siku yenyewe, baada ya adhuhuri, mafuta bado ya moto. Safari hii tundu la visahani nililitoboa la duara, likaingia kwenye mhimili wa gurudumu la mkono kama kidole kwenye pete.

Watu walijaa mbele ya ghala. Sanduku lilikuwa juu ya pipa, na mama yako nyuma yake kwenye kiti, kanga kichwani, mguu kanyagioni. Nikawasha taa. Doa likatokea. Akaanza kukanyaga polepole, doa likazunguka, kimulimuli kilekile, nikasikia sauti ya Mama Hadija ikisafisha koo tayari. Akaongeza. Doa likawa mkia, mkia ukawa mstari, mstari ukashika mkia wake mwenyewe, na ukutani ikasimama ngoma. Pembe zake zilikuwa butu, nakiri.

"Pipa la mawese!" Mama Hadija akapaza sauti, na umati ukaangua kicheko, na mimi nikataka kuingia ndani ya pipa lile lililobeba sanduku.

Lakini wapiga ngoma nao walikuwa pale, wakaanza kupiga. Na mama yako, sijui kama aliwaza au mguu uliwaza wenyewe, akaanza kuwafuata. Wakipiga kwa nguvu anaongeza, ngoma ya ukutani inajikusanya, inang'aa. Wakilegeza analegeza, inapanuka, inatetemeka ukingoni. Ilikuwa inapumua, Zuwena. Kicheko kilikatika. Ulikuwa na umri wa miaka tisa, ulikuwa mabegani mwa baba mdogo wako, na ulikuwa umeacha kutafuna muwa. Nakumbuka kwa sababu nilikutazama wewe badala ya ukuta.

Baadaye watu walinibeba juu. Fundi wa taa! Fundi wa taa! Mama yako alibaki anafunika cherehani kwa kitambaa isipate umande.

Uhuru nao ulikwenda ulikokwenda. Ngoma ilipoondolewa kwenye bendera, mtu mmoja alinishauri niiondoe na ukutani, nikaiondoa. Nikachonga samaki, nikachonga mwezi na nyota kwa ajili ya harusi. Tulikuwa tunacheza maghalani, mama yako kwenye kanyagio, mimi kwenye sifa. Mpaka akaugua, na miaka minne sasa hayupo.

Baada ya kumzika nilifanya jambo ambalo unalijua nusu. Unakumbuka nilikwenda Bujumbura nikarudi na moteri ndogo ya umeme, nzuri, imepakwa rangi ya kijivu? Nilikuambia nimeinunua kwa sababu ni ya kisasa. Ukweli ni kwamba sikuweza kukiona kile kiti kikiwa kitupu. Nilitaka kitu kizungushe visahani bila kiti. Na ile moteri ilifanya kazi! Mwendo wake ulikuwa kamili kabisa, wa kufaa vioo vyangu, hauzidi wala haupungui. Nyota ilisimama ukutani kama imepigwa misumari. Watu wa harusi wakaitazama, wakasema nzuri, wakageuka kula pilau. Ukanijia nyuma ya sanduku, ukiwa bado na henna mikononi, ukaniambia, "Baba, haipumui."

Nilikukaripia. Nikasema hii ni mashine, siyo mbuzi. Harusi iliyofuata nikakuta umeirudisha cherehani bila kuniuliza na umekaa kwenye kile kiti, mguu kanyagioni, unanitazama kama vile mimi ndiye niliyechelewa.

Mguu wako si wa mama yako. Nakutania kidogo lakini sikiliza. Yeye alikuwa anasubiri ngoma, wewe unaitangulia. Yeye kwenye kona alikuwa anapunguza, wewe unaongeza, ndiyo maana samaki wako wana mikia ya hasira. Na watu wanawapenda samaki wako. Usiku ule nilirudi nyumbani nikala vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba, na sikukuambia kwa nini.

Ndiyo maana najua unachokifanya na gunia lile. Unadhani ukiacha cherehani unamwacha mama yako mlangoni. Kanyagio limelika upande mmoja kwa unyayo wake, nimekuona ukilipapasa wiki hii kila unapopita. Mimi pia napapasa, ukitoka.

Lakini wewe ni mtoto wa sanduku, hebu tufikiri kama watu wa kazi. Tukichagua ubongo wa sanduku, tunachagua nini? Tunataka kitu kinachoanza polepole na kuongezeka. Kinachosimama mara moja ukitaka. Chenye mguu wa mtu mwishoni, maana mguu una masikio. Kisha, na hili ndilo lililonigeuzia visahani kuwa vifuniko vya bibi yako, tunataka kitu kinachopatikana mahali ulipo, chenye mhimili kama wa wenzake, ili kikifa leo kesho uvae kingine. Sasa niambie: Ujiji kuna nini kwenye kila baraza? Mama yako mdogo huko ana cherehani ya mguu, jirani yake anayo, fundi nguo wa sokoni anazo nne. Visahani vyako vina tundu la duara. Vitaingia kote. Nilipolitoboa tundu lile siku ya Uhuru nilikuwa na haraka tu, sikuwa na busara yoyote, lakini limekuja kuwa jambo la pekee nililolifanya sawasawa tangu mwanzo.

Kwa hiyo chukua vioo. Chukua visahani vya samaki na mwezi na nyota, nimevifunga kwa fulana yangu visigongane. Lenzi iko kwenye soksi. Taa ya lori ikiungua utapata nyingine kokote kuna malori mabovu, na sijawahi kusikia nchi isiyo na malori mabovu.

Unauliza kwa nini mimi siji. Hukuuliza kwa mdomo, umeniuliza kwa mgongo. Bibi yako hawezi kuketi, na kwenye mashua ya Issa hakuna mahali pa mtu aliyelala. Leo nilimgusia. Akaniambia, "Nimezaliwa Uvira, nimezeekea Rumonge, unataka nife katikati ambapo hakuna hata wa kunijua?" Siwezi kumwacha na siwezi kumbeba. Wangekuwa wawili wa kubeba ningesema neno jingine. Sikuahidi kwamba nitakuja mwezi ujao, kwa sababu nimechoka mno kutunga, na wewe tangu utotoni unazijua hadithi zangu za mamba. Njia ikipatikana nitapita. Hilo tu.

Sasa jambo la mwisho, nawe utapandisha sauti, basi pandisha polepole, bibi yako amelala.

Cherehani haipo mlangoni. Usiitafute uani wala usiende kwa Issa kubishana. Ulipokwisha kulala niliitoa guniani nikaipitisha juu ya ua, kichwa kwanza, kisha meza, kwa Mama Hadija. Unajua mume wake alichukuliwa mwezi wa tano na hajarudi, na unajua ana watoto wanne na hana kazi ya mkono. Unajua pia kwamba tangu siku ile ulimi wake umelala. Hatanii tena, hata mbuzi wangu wakiingia kwake anawarudisha kimya kimya. Nilimwambia, hii ni yako, ushonee watu, Zuwena anasafiri. Aliipokea gizani, akaipapasa yote mpaka kwenye kanyagio, akavuta pumzi nikadhani analia. Kisha akaninong'oneza:

"Na uzi? Umeniletea chuma bila uzi, Baba Zuwena?"

Nikacheka, binti yangu. Nikaziba mdomo kwa mkono, nikacheka nimeegemea ua, na yeye upande wa pili nikamsikia anaziba wake.

Nilipaswa kukuuliza wewe kwanza. Ilikuwa yako kuliko yangu. Lakini ungesema hapana, na kesho kungekucha na wewe uko hapa, na yule mtu mpole angeona ni rahisi kukumbuka nyumba. Kwa hiyo sikuuliza. Niite mwizi, ni sawa. Niite jina lolote.

Issa atagonga dirisha mara moja tu, hatarudia. Amka na hasira yako yote, vaa viatu, usinipe mkono kama hutaki. Mimi nitabeba sanduku mpaka majini, sitasema kitu. Nikasirikie hata mwaka mzima, mama. Ila nikasirikie ukiwa umekaa ndani ya mashua.

Baba yako